Akala Ngoma, Akafa

Kwa siku mbili na nusu niliamini kwamba nimegundua kisa cha sumu ambacho wanahistoria wote wamekipita bila kukiona. Nilikuwa nimekalia kreti la soda uani kwa wenyeji wetu, vipokea sauti vimenibana masikio, narudia kwa mara ya saba maneno ya mzee niliyemrekodi asubuhi. Mzee anahesabu wafalme wa Karagwe. Ndagara, akarya engoma, akafa. Rumanyika, akarya engoma, akafa. Kayenje, akarya engoma, akafa. Kinyambo chenyewe nilikuwa na wiki moja nacho, lakini mtu mwenye Kiswahili chake anahitaji mkalimani wa nini hapo? Akala ngoma, akafa. Baba, mwana na mjukuu wamekula ngoma, wote watatu wamekufa, na wa nne anakaribishwa mezani kana kwamba hakuna aliyeona kitu. Nikaandika kwenye daftari: "Ngoma ina nini?" Nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Mimi ni mtu wa Pangani. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndiko matatizo yote yalikoanzia. Mtu wa Pangani hukua akiamini kwamba Kiswahili kilizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwao, na kwamba watu wa bara wameazimwa tu, tena kwa masharti. Kazi yangu ni kurekodi sauti. Ninashika kile kijiti kirefu chenye maikrofoni iliyovishwa manyoya, ambayo kila kijiji nilichofika wameniuliza kama ni paka.

Kibarua kilikuwa cha dokumentari ya kahawa, Karagwe na Kyerwa, mwezi wa Julai. Mwongozaji alikuwa Mkolombia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya dalali wa samaki, mjukuu wa mkulima wa kahawa wa Caldas. Tulimwita Jefa, yaani bosi wa kike, hutamkwa hefa. Tulipatana hivi: yeye ataongea nami Kihispania, mimi nitaongea naye Kiswahili, na Kiingereza kitawekwa akiba kwa ajili ya ajali. Nikifuzu, kuna nafasi ya kwenda Bogotá kusaidia uhariri. Wenzangu husafiri kwenda Madrid kujifunza Kihispania. Mimi nilipanda basi la Kagera.

Na kwa mtu wa Pangani huko ni ng'ambo vilevile. Basi linaondoka Dar es Salaam alfajiri na ukishuka Kayanga umeota ndevu. Kutoka hapo Kigali iko karibu kuliko Mwanza. Vilima vinapandana, migomba imefunika kila kitu, asubuhi kuna baridi inayomfanya mtu wa pwani avae koti juu ya koti, na barabara inayotoka Omurushaka kwenda Murongo ina vumbi jekundu ambalo, naapa, nililikuta ndani ya soksi zilizokuwa bado kwenye mfuko wa dukani. Tulikuwa tunatafuta mahali panapoitwa Rugera. Kila tuliyemuuliza alituelekeza kwa kidevu, akasema "ni hapo tu", na videvu havikupatana. Wilaya zenyewe zimegawanywa, Kyerwa ikamegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini "hapo tu" inatumiwa kotekote bila mgawanyo.

Sikwenda mikono mitupu. Kwa miezi mitatu nilikuwa na programu ya simu inayonifundisha Kihispania kila usiku kabla ya kulala. Ilinifundisha kusema kwamba mvulana anakula tufaha: el niño come una manzana. Hapo nilikwama wiki nzima, kwa sababu Mtanzania wa umri wangu anajua Elnino ni nini. Ni mvua ya 1997 na 1998, ile iliyokata barabara na kupeleka vyoo vya watu mtoni. Picha iliyonijia kila usiku ni ya gharika inakula matunda. Mengine yaliteremka kama uji. Wareno walituachia meza, bendera, leso, karata na mvinyo, na Mhispania ni jirani yao, basi naye ana mesa, ana bandera, ana vino. Nikajiona nusu ya safari nimeshafika hata kabla sijapanda basi. Nilidhani yatakayonishinda ni maneno mageni.

Siku ya pili Jefa aliniita kando, uso umekunjamana, akatumia Kiingereza cha akiba. Alitaka tuzungumzie heshima kazini. Alikuwa amevumilia tangu Dar, alisema, lakini sasa imezidi. Yule mpiga picha wetu ni kijana mpole, anafanya kazi kwa bidii, hajawahi kumjibu mtu vibaya. Kwa nini basi kila mtu, mimi, dereva, mama wa mgahawani, hata mtoto anayeuza karanga, anamwita kinyesi?

Sisi tulikuwa tunamwita kaka.

Nilimweleza. Akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake naye alijaribu kumwita kaka, akashindwa, neno likamkwama kooni, akaishia kumwita "bwana". Ningekuwa na akili ningechukua daftari saa ileile na kuorodhesha mabomu mengine yaliyofukiwa kati ya lugha zetu mbili. Sikufanya hivyo, na ndiyo maana la pipi lilitukuta.

Watoto wa Kyerwa, kama watoto wa Pangani, wakiona mgeni mwenye begi huomba pipi. Walikuja sita, mkubwa wao kama miaka minane, wakajipanga mbele ya Jefa, wakasema kwa pamoja kama kwaya: "Pipi! Pipi!" Sasa, kwa Kihispania pipí ni haja ndogo. Jefa ni mama wa watoto wawili, hakupoteza hata sekunde. Akamshika wa kwanza mkono, wengine wakafuata kwa furaha kubwa, akawapeleka wote nyuma ya migomba, akawaonyesha mahali, akawageuzia kisogo kwa adabu na kusubiri. Watoto nao wakasubiri. Walikuwa wamesimama mstari, viganja vimefunguliwa, wanaangalia kisogo cha mgeni na kungoja pipi zitoke. Nilipowafikia zilikuwa zimepita kama dakika tano na hakuna aliyesogea. Mdogo kuliko wote, ili asimvunje moyo mgeni, alikuwa ameamua kukojoa.

Halafu pesa. Tulikwenda kurekodi kwenye ghala la chama cha msingi, wakulima wamepanga magunia yao ya kahawa ya maganda mbele ya mzani. Mimi nina maikrofoni juu, kaka wa watu ana kamera begani, na Jefa anamsogelea mkulima mmoja aliyevaa kofia ya sufu, anaonyesha gunia, anatabasamu: "¿Cuánto pesa?" Swali la haki kabisa; anauliza lina uzito gani. Mkulima hakusikia ila neno moja. Kofia ikavuliwa. Karani akaacha kalamu. Huku Kagera kuna kitu kinaitwa butura, kununua kahawa ya mtu ingali maua mtini, kwa bei ya mwenye shida, na wakubwa wamekipiga vita miaka nenda rudi. Mgeni anayeuliza pesa mbele ya mzani, hadharani, na kamera juu, ama ni mlanguzi asiye na aibu au ni mtego wa serikali.

"Anauliza uzito tu," nikadakia.

"Mbona amesema pesa?"

"Kwao pesa ni uzito."

Mkulima akalitafakari lile jambo, akarudisha kofia kichwani. "Za kwetu ni nyepesi," akasema. "Ndiyo maana zinapeperuka."

Jefa alitaka aliseme tena kwa ajili ya kamera. "Otra vez," akasema, yaani mara nyingine. Lilikuwa ndilo neno lake la siku. Kuku akiwika, otra vez. Bodaboda ikipita, otra vez. Bibi mmoja mwenyeji wetu alichanganya kahawa yake juani kwa reki mara kumi na moja siku moja, kahawa iliyokwisha kukauka, kwa sababu tu wingu lilikuwa linamharibia Jefa mwanga. Bibi hakulalamika. Ila tangu hapo alianza kumwangalia Jefa kwa jicho la mwalimu anayemsoma mwanafunzi mpya.

La saa nitalipitia mbio maana bado linaniuma. Ukikaa kwenye vilima vya Kyerwa vinavyotazama ng'ambo ya mto Kagera, simu yako inakamata mtandao wa Rwanda, inakukaribisha Rwanda, na kwa kuwa Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja, nayo inarudi nyuma kimyakimya. Mzee wetu alisema tuje saa mbili asubuhi. Jefa akaandika 2, akapanga kufika baada ya chakula cha mchana. Mimi nilijua saa mbili ni saa mbili, nikatega simu, simu ikaniamsha kwa saa za Kigali. Kaka alifika kwa wakati kwa sababu simu yake ilikuwa imezima chaji na alifuata jogoo. Alimkuta mzee amevaa suti, amekaa kwenye kiti chake barazani tangu saa moja.

Huyu ndiye mzee wa wafalme. Nimweleze vizuri.

Alikuwa mrefu, mkavu, mzee wa kanisa wa miaka mingi, fimbo kati ya magoti. Jefa aliomba aongee lugha yake ya asili, Kinyambo, kwa sababu ndicho filamu ilichohitaji. Mzee akakubali kwa kichwa na tangu hapo hakutoa hata neno moja la lugha nyingine. Mkalimani wetu alikuwa kijana wa bodaboda, mtaalamu kweli, isipokuwa kila abiria akipiga simu alituacha katikati ya sentensi. Njia ya maneno ilikuwa hivi: mzee kwa kijana, kijana kwangu kwa Kiswahili, mimi kwa Jefa kwa Kihispania cha miezi mitatu. Swali la Jefa lilirudi kwa njia ileile. Kufikia jibu, mzee alikuwa ameshakunywa chai.

Kijana akiondoka, nilijitegemea. Ndipo nilipokutana na Waitu. Mtu wa kwanza tuliyemhoji aliitwa Waitu, nilimsikia mke wake akimwita hivyo. Wa pili pia Waitu. Nikaona ni ukoo. Tulikuwa na fomu za ridhaa za kujaza, zile za kusema nakubali sura yangu itumike, nami kwa kuwa ndiye mwenye mwandiko mzuri nilizijaza majina: Waitu, Waitu, Waitu, na bibi mwenyeji wetu, Waitu (mke). Waitu ni neno la heshima unalomwitia mtu, maana yake kama "wa kwetu". Filamu yetu ilikuwa imepewa ridhaa ya kisheria na watu wanne wanaoitwa Mheshimiwa.

Jefa naye alikuwa na lake. Mzee alisema "ego" mara nyingi mno. Unamuuliza swali, kabla hujalimaliza anasema ego. Unamweleza jambo, ego, ego. Kwa Kinyambo ni "ndiyo", au hata si ndiyo, ni "nakusikia, endelea". Kwa Kihispania ego ni nafsi, majivuno ya nafsi. Jefa aliandika kwenye daftari lake kwamba amekutana na mwanafalsafa.

Basi asubuhi ile kijana alipigiwa simu na abiria wa Nkwenda, akaenda, na mzee akaanza kuhesabu wafalme. Nikanyanyua mkono kumtuliza Jefa: hii naiweza. Nikamtafsiria papo hapo, kwa wakati uliopo, kwa sababu programu yangu haikuwa imefika wakati uliopita: "El rey come tambor. Muere." Mfalme anakula ngoma. Anakufa. Jefa akanitazama. Nikamwonyesha vidole vitatu: wafalme watatu. Mtu wa taifa lingine angeniuliza kama nina homa, lakini Wakolombia ndio wenye Gabriel García Márquez, na kwao mfalme kula ngoma ni jambo la kuuliza tu ilipikwaje. Alasiri hiyohiyo tuliazima ngoma ya kigango, tukaiweka kwenye chumba chenye giza, tukaimulika kwa tochi kutoka chini, na kaka akaipiga picha dakika arobaini kutoka kila upande. Ipo hadi leo. Inatisha.

Siku ya tatu jioni tulirudi kwa mzee kuaga. Nilitaka kumshukuru mwenyewe, bila mkalimani, nikachagua Kiswahili changu chepesi kuliko vyote, nikakitoa polepole kwa sauti kubwa kama mtu anayeongea na mgonjwa wa masikio: "Mzee. Asante. Maneno yako, nzuri sana."

"Mazuri," akasema mzee.

"Naam?"

"Maneno ni mazuri. Ngeli ya sita, kijana wangu." Akaegemeza fimbo. "Nimefundisha Kiswahili darasa la saba miaka ishirini na sita. Mgeni aliomba Kinyambo, nami nikampa Kinyambo. Wewe kwenu wapi?"

Nilitamani kusema Kongo.

Akaniomba daftari. Nilimpa, kwa sababu mwalimu akinyoosha mkono mwili unatii kabla ya akili. Akavaa miwani, akafika kwenye "Ngoma ina nini?" yenye mistari miwili, akasoma, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akatoa kalamu nyekundu mfukoni. Amestaafu, lakini kalamu nyekundu bado anatembea nayo.

Kula ngoma, alinieleza, ni kutawazwa. Ngoma ndiyo ufalme; Karagwe ilikuwa na ngoma yake, Nyabatama, na anayeshika ngoma ameshika nchi. Hata Speke, yule Mwingereza wa chanzo cha Nile, katika kitabu chake cha 1863 alisimulia jinsi Rumanyika na ndugu zake walivyogombania kiti baada ya baba yao Ndagara, wakawekewa ngoma ndogo chini, ngoma ambayo dawa imeifanya nzito asiweze kuinyanyua ila mwenye haki. Wenzake ikawashinda. Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo.

"Kwa hiyo hakufa kwa sababu ya ngoma?"

"Alifariki kwa sababu alizaliwa," akasema. "Sasa sikiliza kosa lako la pili, ndilo kubwa." Akaandika "-ka-" akaizungushia duara. Kwenye Kiswahili, alisema, -ka- inavuta mkokoteni: akaja, akala, akafa, moja linaleta jingine. Kwenye Kinyambo -ka- ni ya zamani, zamani za mbali, basi. Akarya engoma: alitawazwa, zamani. Akafa: alifariki, zamani. Katikati hapo inaweza kuwa miaka ishirini na ushee, ana wake, ana watoto, ana ng'ombe wasiohesabika, amepokea wageni kutoka pwani na Ulaya. "Wewe umemtawaza na kumwua kwa pumzi moja."

Nilijitetea kwamba ni kazi ngumu, lugha tatu zinapita kwenye kichwa kimoja. Mzee akasema Speke alikuwa na hali hiyohiyo mwaka 1861: yeye aliongea Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuchukuliwa utumwani hadi India, Bombay akageuza kwa Kiswahili, na wengine wakageuza tena kwa lugha za njiani. Wamekuja hivyo, mnyororo mrefu wa maneno, mpaka wakaingia kwa Rumanyika. Na mfalme akawasalimu kwa Kiswahili safi.

"Mwaka 1861," akarudia mzee, akanirudishia daftari. Nilikuta ameniwekea alama. Nne juu ya kumi.

Ilinibidi nimweleze Jefa kuhusu ngoma. Nilitumia Kiingereza, ilikuwa ajali. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama tunaweza kuziacha zile picha hata hivyo. Usiku ule sikulala, ingawa sehemu ya lawama ni ya bibi: alikuwa amenikaribisha kahawa ya kutafuna, yale matunda yaliyochemshwa na majani ya kunukia kisha yakaanikwa, heshima ya mgeni tangu kabla Mzungu hajaijua njia ya huku, na mimi niliyameza yote kwa maji kama vidonge vya malaria.

Kisha ikaja siku ya Elnino.

Ulikuwa ni ule ua wa bibi, asubuhi, mbingu nyeupe bila hata wingu la kusingizia. Julai ni kiangazi na kila kaya imeanika. Kahawa ilikuwa juu ya maturubai, juu ya mikeka, juu ya vichanja, nyekundu inayoelekea kuwa kahawia, na ile harufu yake ya tunda lililochacha kidogo. Jefa alikuwa ametumia saa nzima kupanga picha moja: bibi na reki yake mbele, mzee amekuja kutembelea na amekaa nyuma kivulini, vilima vya upande wa Rwanda vinafifia kwa mbali. Kimya. Nimevaa vipokea sauti, nasikia hata kahawa inavyonong'ona chini ya reki. Silencio, kamera inazunguka.

Mjukuu wa bibi, miaka mitatu hivi, fulana bila kaptula, mkononi gunzi la hindi, akatoka jikoni akaingia katikati ya turubai. Akaketi juu ya kahawa.

Jefa akapiga kelele akitaka aondolewe: "¡El niño! ¡El niño!"

Niliona uso wa mzee ukigeuka. Mtu ambaye siku tatu hakuwahi kuharakishwa na lolote alisimama bila fimbo. "Elnino?" Bibi akatupa reki, akadaka ncha ya turubai. Mabinti wakatoka jikoni na ndoo. Jirani aliyekuwa anasikiliza ng'ambo ya migomba akapokea: "Elnino! Wazungu wana mashine, wamesikia!" Walimaanisha maikrofoni yangu. Yale manyoya yake, kumbe, yalikuwa yameshaaminika kijijini kuwa yanapima hewa. Sauti ikaruka kilima hadi kilima. Nilikuwa naipata yote masikioni, safi, kama inavyofundishwa chuoni: elnino, elnino, elnino, inazidi kuwa ndogo kuelekea Nkwenda. Watu walikunja mikeka. Wengine walisomba kwa kanga. Dakika kumi hivi, na upande wote ule wa kilima haukuwa na punje ya kahawa nje. Katikati ya ua uliofagiwa, jua linawaka, amebaki mtoto na gunzi lake. Hakuna aliyemgusa.

Jefa alikuwa ameshika kichwa. Kaka alikuwa bado anarekodi, na niseme ukweli, hizo ndizo picha bora za filamu nzima.

Ilinipasa kueleza. "Mzee, hakuna mvua. Alikuwa anasema mtoto. El niño ni mtoto tu."

"Mtoto wa nani?"

"Hapana, hiyo Elnino ya mvua ndiyo jina lake: mtoto. Wavuvi wa Peru waliona bahari yao inapata joto wakati wa Krismasi, wakaiita kwa jina la Mtoto Yesu."

Mzee wa kanisa akanitazama kwa muda.

"Yesu ndiye aliyebomoa daraja letu?"

Sikuwa na jibu kwa lugha yoyote kati ya zote nne. Nikamtazama Jefa, Jefa akamtazama kaka, kaka akazima kamera. Bibi ndiye aliyetuokoa. Alimnyanyua mjukuu, akambandua kahawa zilizomshika matakoni, akazirudisha kwenye ndoo moja moja, akaanza kucheka. Alicheka polepole, kisha akakaa chini kwenye turubai lililokunjwa, akajifuta macho kwa kanga, akasema kitu kwa Kinyambo, na ua mzima ukalipuka. Kijana wa bodaboda alikuwepo, kwa bahati. Alitafsiri: "Anasema afadhali huyu ni mtoto mmoja. Mngesema watoto tungehama."

Ingeishia hapo ingekuwa fedheha ya kawaida. Lakini alfajiri ya kesho yake, kinyume cha kalenda yote, kulinyesha manyunyu ya robo saa. Kaya zilizokuwa zimerudisha kahawa nje zililowa. Zile ambazo hazikuamini maelezo yangu ziliponea chupuchupu. Kufikia saa tatu, za kwetu, kulikuwa na wakulima watano getini wamesimama kwa adabu, wanamuulizia Jefa. Nikamfungulia. Msemaji wao akavua kofia. "Mama, leo tuanike?"

Jefa hakuelewa swali. Akafanya ambalo mgeni hufanya, akatabasamu na kusema sí. Siku hiyo jua liliwaka mpaka magharibi. Tulipewa mikungu miwili ya ndizi.

Tuliondoka Ijumaa. Gari limepakiwa, dereva anapiga honi, vumbi linatungoja barabarani. Bibi alitoka na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, akanimiminia. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya neno moja la shukrani kwa siku nzima, nililikariri hata bafuni, nikalitoa kwa mikono miwili: "Webare, waitu."

Bibi akatikisa kichwa. Nilikuwa nimeikata irabu. Inatakiwa ivutwe kidogo mwanzoni, na mtu wa Pangani hana muda wa kuvuta irabu za watu. Akanisogelea, akanishika bega, akanigeuza kidogo ili jua linipige usoni vizuri. Akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja, akainua mkono.

"Otra vez," akasema.

"Weebare, waitu."

Akamtazama mjukuu, mjukuu akakuna tumbo. Mkono wa bibi ukabaki juu.

"Otra vez."